Iambie Uko Wapi: Vidokezo 13 vya Kutumia AI Ukiandika Programu

Ingia siku hizi katika ofisi yoyote yenye vijana wa kompyuta, iwe Kijitonyama au Ngong Road, utakuta dirisha la AI limefunguliwa kando ya msimbo tangu asubuhi. GitHub Copilot ilianza kwa majaribio mwaka 2021, ChatGPT ikaja Novemba 2022, na leo kumuuliza mwenzako wa meza ya pili kumekuwa hatua ya mwisho. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni namna tunavyouliza. Tunaandika maneno manne kana kwamba tunatafuta kitu Google, kisha tunalalamika kwamba jibu ni la ovyo. Python na JavaScript AI inazijua kuliko mimi na wewe. Isichokijua ni wateja wako, mji wako, saa yako na hela za mwajiri wako. Karibu vidokezo hivi vyote vinahusu pengo hilo.

1. Sema uko wapi

Iombe ikuandikie funksheni ya kukagua namba ya simu, bila kusema zaidi. Usishangae ikikuletea namba ya Marekani yenye mabano na vistari. Haijakosea, hukuiambia. Sasa jaribu hivi:

“Andika funksheni ya Python inayopokea namba ya simu ya Kenya kama mteja alivyoiandika, hata ikiwa na nafasi, vistari au alama ya kujumlisha mbele, na kuirudisha ikianza na 254 bila alama yoyote. Kubali zinazoanza na 07 na zinazoanza na 01. Namba ikiwa mbovu, rudisha None.”

Hapo pa 01 pana jambo. Misimbo mingi iliyozagaa mtandaoni, ambayo AI imejifunza kutokana nayo, iliandikwa wakati namba za simu za mkononi za Kenya zilikuwa zikianza na 07 tu. Kwa hiyo hata ukiitaja Kenya, unaweza kuletewa kanuni inayokubali 2547 peke yake na kumfungia nje mteja wa 0110. Mteja huyo hatakupigia kukueleza, atanunua kwingine. Ukiwa Tanzania, taja 255 na useme namba za mkononi huanza na 06 au 07.

2. Mifano inashinda maelezo

Aya mbili za ufafanuzi hazifui dafu mbele ya mistari mitano ya mifano: kinachoingia upande huu, kinachotoka upande ule. Weka na mibovu pia. Namba iliyopungua tarakimu, sehemu iliyoachwa wazi, mtu aliyeandika jina lake mahali pa simu. AI ikiiona hiyo, haibaki ikikisia.

3. Saa mbili ni saa ngapi?

Kuiandikia AI kwa Kiswahili hakuna ubaya, ila chunga saa. “Tuma ripoti kila siku saa mbili asubuhi” kwa mtu wa Tanga haina utata: ni 8:00. AI inaweza kuisoma kuwa 2:00, usiku wa manane, ripoti ikaondoka kabla matawi hayajatuma mauzo. Katika cron unataka 0 8 * * *, siyo 0 2 * * *. Na bado hujamaliza, kwa kuwa seva nyingi za kukodi zinakwenda kwa saa ya UTC, nasi tuko saa tatu mbele yake. Huko inaandikwa 0 5 * * *.

Zoea kuandika saa kwa mfumo wa saa 24 na kutaja Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi. Sisi hatusogezi saa katikati ya mwaka, lakini Uingereza wanasogeza: London tunaitangulia kwa saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi chao. Ukiona AI imegandisha +3 ndani ya msimbo utakaotumiwa na watu wa nchi mbalimbali, irudishe ikarekebishe.

4. Bandika kosa lote

“Haifanyi kazi” si swali.

Chukua malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, ile API ya Safaricom. Umejaribu, simu imekuomba PIN, umelipa, oda imeingia. Umefurahi, umeipeleka kwa wateja. Baada ya siku moja seva inaanza kuanguka mara kwa mara bila mpangilio unaoeleweka. Ukiiuliza AI “kwa nini malipo ya M-Pesa yanagoma”, itakuporomoshea orodha: kagua mtandao, kagua funguo, kagua cheti cha usalama, kagua kiungo cha kurudishia majibu. Yote ni kweli, na hakuna hata moja litakalokusaidia.

Sasa bandika vitu vinne: maandishi yote ya kosa kuanzia juu, siyo mstari wa mwisho peke yake, kipande cha msimbo kinachotajwa, data iliyopokewa dakika ile, na toleo la lugha na maktaba unazotumia. Kosa linasomeka KeyError: 'CallbackMetadata'. Data inaonyesha ResultCode 1032. Hapo AI haina tena la kukisia. Namba 1032 maana yake mteja ameghairi, na mteja akighairi, majibu ya Daraja huja bila sehemu ya CallbackMetadata, ile inayobeba kiasi na namba ya risiti. Msimbo wako unaikimbilia sehemu hiyo kabla ya kuangalia kama ResultCode ni 0. Dawa yake ni mistari miwili mitatu. Majaribio yako yote yalipita kwa sababu mlipaji ulikuwa wewe mwenyewe, na wewe hukuwa na sababu ya kughairi.

Malizia ombi kwa kusema umeshajaribu nini, la sivyo utapewa yale yale uliyoyafanya jana.

5. Ikianza kuzunguka, funga mlango

Ikikupa suluhisho la tatu linalofanana na la kwanza, usibishane nayo. Fungua mazungumzo mapya, eleza tatizo upya kwa ufupi na uweke msimbo kama ulivyo sasa. Yale makosa yaliyojaa kwenye mazungumzo ya zamani huendelea kuivuta upande huo huo.

6. Uliza maswali ya shari

Msimbo ukishafanya kazi, usiishie kushukuru. Uliza: taarifa ya malipo ikiletwa mara mbili, mteja atahesabiwa amelipa mara mbili? Umeme ukikatika baada ya hela kupokewa na kabla ya oda kuandikwa, tutajuaje? Mtandao ukiwa mzito na mtu akabonyeza “Lipa” mara tatu?

AI hujibu maswali haya vizuri ajabu. Itakuambia uhifadhi CheckoutRequestID ya kila ombi la malipo na ukatae kuiandika mara ya pili, itakuonyesha na namna ya kuuliza hali ya muamala uliopotelea njiani. Lakini mara nyingi haitayaleta yenyewe usipouliza.

7. Siri zibaki nyumbani

Kabla ya kubandika chochote, ondoa funguo za API, nenosiri la hifadhidata, passkey ya malipo, na majina na namba za wateja. Mwaka 2023 Samsung iliwakataza wafanyakazi wake kutumia zana hizi kwenye vifaa vya kampuni baada ya baadhi yao kubandika msimbo wa ndani kwenye ChatGPT. Wewe huna viwanda vya chipu, lakini una orodha ya wateja, na orodha hiyo ina sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Badala ya rekodi za kweli, ieleze AI muundo wa jedwali tu, kisha iambie ikutungie data ya mfano. Hapo ndipo kidokezo kinachofuata kinapoingia.

8. Mtumie Ng'ang'a

Data ya mfano ya AI imejaa John Doe na Jane Smith. Ndiyo maana programu hupita majaribio yote na kuanguka siku Ng'ang'a anapojisajili.

Kile kialama cha kwenye ng' ndicho SQL inachotumia kufungua na kufunga maandishi. Kama msimbo unalichukua jina la mteja na kulipachika moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, hifadhidata inasoma hadi Ng, inadhani jina limeishia hapo, halafu inagoma. Wapo wanaotibu hili kwa kukifuta kialama. Kwanza ni kumharibia mtu jina lake. Pili, hujatibu kitu: tundu aliloangukia Ng'ang'a kwa bahati mbaya ndilo analopitia mdukuzi kwa makusudi. Iagize AI hivi: “Thamani zote zipelekwe kama vigezo, kando na sentensi ya SQL, usiunganishe maandishi popote.” Kisha mpitishe Ng'ang'a tena.

Kuna na jambo dogo lililojificha humo. Baadhi ya simu hukipinda kialama hicho zenyewe, kwa hiyo Ng'ang'a aliyeandikwa na karani kwenye kompyuta na Ng’ang’a aliyejiandika kwenye simu yake ni watu wawili kwa hifadhidata. Karani atatafuta na kuambiwa hayupo. Iambie AI ivisawazishe vialama hivyo kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta.

Katika orodha yako ya majaribio ongeza mwenye jina moja tu, mwenye majina manne marefu ya Pemba, na aliyeandika yote kwa herufi kubwa. Watakufaa kuliko Jane Smith mia.

9. Hela zina kanuni zake

Andika 0.1 + 0.2 ndani ya Python na utajibiwa 0.30000000000000004. Kwa hiyo ukisema tu “hifadhi bei” na AI ikachagua float, iko siku hesabu ya jioni haitalingana na droo, na mtu ataulizwa hela ziko wapi. Taja mapema: Decimal, au namba kamili isiyo na nukta.

Kisha taja sarafu. Katika orodha ya kimataifa ya ISO 4217, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina tarakimu mbili za senti. Shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi hazina hata moja. Msimbo uliozoea dola, unaogawanya kila kiasi kwa 100, utaigeuza oda ya Kampala ya shilingi 50,000 kuwa shilingi 500.

Na VAT isiandikwe kwa mkono kila mahali. Kenya iliishusha kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, ikairudisha 16 Januari 2021. Aliyekuwa ameitawanya 0.16 kwenye kila faili aliifukuzia mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Iombe AI jedwali la viwango lenye tarehe ya kuanza, ili risiti ya zamani ibaki na kiwango cha siku yake.

10. Kiswahili cha programu ukisimamie mwenyewe

Waingereza wakitaka wingi huongeza herufi moja mwishoni mwa jina, na AI huandika msimbo kwa mazoea hayo. Kwetu sentensi nzima inatikisika: mteja 1 amejisajili, wateja 5 wamejisajili. Faili 1 limepakiwa, mafaili 5 yamepakiwa. Oda 1 imefika, oda 5 zimefika, ambapo jina limetulia na kitenzi ndicho kimegeuka. Ukikubali kiolezo kimoja chenye pengo la namba, programu yako itazungumza kama mgeni wa wiki ya kwanza. Iagize ihifadhi sentensi kamili mbili, ya umoja na ya wingi. Maktaba kubwa za kutafsiri programu zinakubali hilo tayari. Mpangilio wa CLDR unaotumika duniani umeipa Kiswahili maumbo mawili.

Ujumbe wenyewe nao uutazame. “Ombi batili. Tafadhali jaribu tena baadaye” hauelezi kitu kwa mama anayelipia mkaa. “Hela hazijatoka kwenye simu yako. Angalia salio, kisha jaribu tena” unaeleza, ila hakikisha kwanza ni kweli hazijatoka. Andika jumbe tano kwa mkono wako, zibandike, na useme: “Nyingine zote zifuate sauti hii.” Matokeo hubadilika kabisa.

Kama unalipia AI kwa tokeni, jua pia kwamba Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza kwa sentensi yenye maana ile ile. Bili inapanda. Kwa kazi ndogo haikuumizi. Kwa programu inayotuma maelfu ya maombi kwa siku, piga hesabu.

11. Kifurushi usichokijua, kitafute kwanza

AI ikikuambia usakinishe kifurushi ambacho hujawahi kukisikia, nenda PyPI au npm ukione kwa macho: nani anakitunza, kilianza lini, kina msimbo gani. Watafiti wa Marekani waliopima modeli 16, katika kazi iliyochapishwa 2025, walikuta karibu kimoja kati ya vifurushi vitano vilivyotajwa hakipo kabisa duniani. Modeli za kulipia zilikosea mara chache kuliko zile za wazi, lakini zilikosea.

Hatari haipo kwenye kukosa kifurushi. Hatari ni mtu kuliwahi lile jina la kubuni na kulijaza sumu. Mtafiti wa usalama Bar Lanyado alilijaribu hili kwa nia njema: alipandisha PyPI kifurushi kitupu kwa jina huggingface-cli, ambalo AI ilikuwa ikilitaja bila kuwepo. Ndani ya miezi mitatu kilikuwa kimepakuliwa zaidi ya mara 30,000. Chake kilikuwa kitupu. Cha mwingine huenda kisiwe.

12. Wakala asiguse hifadhidata ya kazini

Zana mpya za AI, zinazoitwa mawakala, haziishii kupendekeza. Zinafungua mafaili, zinaendesha amri, zinafuta. Mpe wakala wa aina hiyo nakala ya mradi, tawi lake la Git na hifadhidata ya majaribio. Kabla hajaanza, mwambie: “Usiandike msimbo bado. Niorodheshee mafaili utakayobadilisha na kwa nini.” Usipoielewa orodha hiyo, usimruhusu. Ukiielewa, mpe hatua moja, soma tofauti, hifadhi katika Git, ndipo umpe nyingine.

Julai 2025 mfanyabiashara Jason Lemkin alieleza hadharani jinsi wakala wa kampuni ya Replit alivyomfutia hifadhidata ya kazi ilhali alikuwa amemwagiza asibadilishe chochote. Mkuu wa kampuni hiyo, Amjad Masad, aliomba radhi. Agizo kwa maneno si kufuli. Kufuli ni kutompa nenosiri.

13. Pima kwa saa, usipime kwa raha

Mwezi huo huo wa Julai 2025, taasisi ya METR ya Marekani ilitoa matokeo ya jaribio: waandishi wa programu 16 wazoefu, kazi 246, kwenye miradi waliyoijua vilivyo. Waliporuhusiwa kutumia AI walichelewa kwa asilimia 19. Walipoulizwa baadaye, waliamini wameharakishwa kwa asilimia 20. Zana zimeendelea kubadilika tangu hapo, lakini huo umbali kati ya raha na saa ndio wa kutazama.

Kwa ninavyoona, AI inalipa zaidi pale usipopajua: lugha ngeni, usanidi wa Nginx unaoufanya mara moja kwa mwaka, kanuni ndefu ya kuchambua maandishi, kusoma msimbo wa mtu aliyeacha kazi bila kukabidhi. Kwenye msimbo uliouandika na kuulea mwenyewe, muda wa kuielezea na kusahihisha ilichoandika mara nyingi unazidi muda wa kuandika tu.

Lakini usiniamini mimi. Wiki hii chagua kazi mbili zinazolingana, moja uifanye na AI na nyingine bila, na uandike muda ulioanza na uliomaliza. Dakika za kusoma na kurekebisha msimbo wa AI zihesabu nazo.